Kati ya Gari Jeusi na la Manjano

Juma lililopita mtoto wa kaka yangu alinitumia picha mbili kwenye simu. Zilikuwa za magari mawili ya rimoti, yale ambayo matairi yake ni makubwa kuliko bodi lenyewe. Moja lilikuwa la buluu, lina taa na madoido mpaka kwenye boneti. Jingine la kijivu, halina hata stika. Chini yake aliandika neno moja tu: "Shangazi?" Anataka kujiunga na wenzake wanaoshindana Jumamosi, baba yake kamwambia achague moja, naye akaona bora amuulize mtu mwingine. Nilimjibu kwa ujumbe mrefu kuliko alivyotarajia. Nilimwambia asishughulike na taa. Aulize kama gia za ndani ni za chuma au za plastiki. Alibonyeze gari kwa kiganja aone kama linarudi juu polepole au linaruka ovyo. Apitishe kidole kwenye shokabu ahakikishe hazivuji mafuta. Aliniuliza nimeyajulia wapi hayo, mimi mwalimu wa jiografia. Nikamwambia kwamba zamani nilikuwa utingo, akadhani namtania.

Nilikulia Changamwe, upande wa Chaani, ambako malori ni mengi kuliko miti. Baba alikuwa dereva wa trela. Alikuwa akipakia kontena Kipevu, bandarini, na kulipeleka Nairobi, mara nyingine mpaka Malaba, akirudi analala siku mbili na sisi watoto tunatembea kwa vidole nyumba nzima. Nyuma ya yadi moja ya malori palikuwa na kiwanja cha changarawe ambacho Jumapili asubuhi hakikuwa na kazi, na hapo ndipo madereva, watu ambao wiki nzima wamekalia usukani, walipokuja kustarehe kwa kushika usukani mwingine mdogo. Walishindanisha malori ya rimoti. Walikuwa watu wazima, wengine na wajukuu, na waligombana juu ya kona kama wanavyogombana bungeni.

Mashindano yale yalikuwa na taratibu zake. Madereva wote walipanda juu ya trela tupu iliyoegeshwa kando ya kiwanja, wakasimama kwa safu, kila mmoja na rimoti yake. Chini, kwenye vumbi, walisimama matingo. Kila gari lilikuwa na utingo wake, kwa kawaida mtoto wa dereva. Gari likipinduka, utingo hukimbia akaliinua, akaliweka palepale lilipoangukia, kisha akajitoa njiani. Hakuruhusiwa kuligusa gari ambalo magurudumu yake yako chini, hata kama limekwama kwenye ukuta, wala kumwelekeza dereva wake kwa sauti. Na kila gari sharti liandikwe maneno nyuma, kama malori yenyewe. La Mutua, jirani yetu, dereva mwenzake Baba aliyetoka Machakos, liliandikwa "Wivu Peleka Kwenu."

Kwa muda mrefu Baba alikuwa mtazamaji tu. Mwaka ule ndipo aliposema tutanunua letu na mimi nitakuwa utingo wake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, msichana mwenye magoti yaliyojaa makovu, na sidhani kama nimewahi kupewa cheo kilichonifurahisha zaidi, hata huu ualimu.

Tulikwenda sokoni Kongowea kwa muuzaji mmoja aliyeitwa Athmani, ambaye aliuza vitu vilivyotumika Ulaya: baiskeli, pasi, mashine za kusagia kahawa ambazo hakuna aliyejua kuzitumia. Alikuwa na magari mawili ya matairi makubwa. Aliyaweka juu ya kreti la soda na kutueleza bila kuficha, jambo lililonishangaza kwa mfanyabiashara.

"Hili jeusi ndilo gari, bwana," alimwambia Baba. "Gia zake chuma. Shokabu nzima, hazivuji hata tone. Hili la manjano mimi sikudanganyi, ni la kutezea watoto. Lapendeza macho tu."

Mimi nilikwisha kulipenda lile jeusi. Nilikuwa nimewatazama madereva Jumapili nyingi na nilijua gari linalokaa chini kwenye kona linavyokuwa. Nilimwambia Baba hivyo. Aliomba yote mawili yajaribiwe pale njiani, kati ya marobota ya nguo na mitumba ya viatu. Athmani akaliendesha jeusi kwanza, likaondoka kwa kishindo, likazunguka mkokoteni mmoja, likarudi. Baba aligeuza shingo huku na huku. Kisha likaendeshwa la manjano, lile lenye shokabu zinazotoa jasho, nikaona uso wake umekunjuka.

"Hili hapa," alisema. "Hili lina uhai."

"Baba, jeusi ndilo lenye nguvu. Hata yeye mwenyewe amesema."

"Nani atakayeendesha? Wewe au mimi?"

Nilikuwa nimeshapata maelezo yangu, na yaliniuma mpaka tukafika nyumbani: Baba amenunua gari la kupendeza kwa sababu utingo wake ni msichana. Angekuwa amekuja na kaka yangu, angechukua jeusi. Nililibeba lile gari mapajani njia nzima na sikulisemesha.

Kuna mambo mengine ya miezi ile ambayo sasa nikiyapanga yanakaa pamoja, ila wakati ule kila moja lilikuwa kivyake. Majirani walianza kusema Baba anaringa. Mtu anampungia mkono ng'ambo ya barabara, yeye anapita kama hamjui. Kwetu pwani kumpita mtu bila salamu ni jambo la kuitiwa kikao, na Mama alichoka kumtetea. Ukimkaribia na kumwambia "Shikamoo" anaitikia vizuri tu, tena kwa furaha, anakuuliza habari za nyumbani, moja baada ya nyingine. Lakini lazima uanze wewe. Mimi niliwahi kusimama mbele yake kimya, natabasamu, nikingoja aniulize shule ilikuwaje, na akanipita akaenda kuketi. Nilijua amekasirika kwa jambo fulani nililolifanya, nikatumia jioni nzima kulitafuta.

Basi tukaanza mazoezi uani. Shokabu za lile gari zilikuwa zimekauka, na bila mafuta ndani yake gari lote hurukaruka na kupinduka kwa sababu ndogo. Madereva wengine walikuwa na vichupa vya mafuta maalumu walivyoagiza kwa mtu anayekwenda Dubai. Baba alifikiri kidogo, akaingia chumbani, akatoka na chupa ya Mama ya mafuta ya nazi. Alizijaza shokabu zote nne. Ilikuwa mchana wa jua, na gari likawa laini ajabu, likapanda matofali na kushuka kama linaloteremka kitandani. Baba alicheka kwa sauti. Nami nikalisamehe gari rangi yake.

Mtu yeyote wa pwani angejua yatakayotokea, ila sisi wenyewe hatukufikiria. Ilikuwa Julai. Jumapili asubuhi kulikuwa na manyunyu na ule ubaridi wetu ambao wa bara huucheka, na mafuta ya nazi, kama yanavyofanya kwenye chupa kila Julai mpaka uyaweke juani, yaliganda. Shokabu zikawa ngumu kama mipini ya jembe. Gari liliruka kwenye tuta la kwanza likatua kwa paa. Nikaliinua. Likapinduka tena. Nililiinua mara saba kwa mzunguko mmoja, mpaka watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mutua alishuka, akalibonyeza, akanusa kidole chake.

"Salimu!" alipiga kelele. "Wewe umeweka nini hapa? Hii ni gari ama ni wali?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Baba naye alicheka, na tulirudi nyumbani tunachekana. Kati ya asubuhi zote nilizokuwa naye, ile naikumbuka kwa mapenzi kuliko zote, ingawa tulishika mkia.

Wiki ile Baba alikuwa safarini. Mimi nilifungua zile shokabu kwa bisibisi ya cherehani, nikamwaga mafuta ya nazi yote, nikazisuuza kwa mafuta ya taa, nikazijaza mafuta ya cherehani ya Mama, ambayo hayagandi. Mama alikuwa mshonaji na hakukosa kichupa. Sikumwambia mtu. Nilitaka Baba aone gari linavyokwenda, ajiulize, ndipo nimwambie ni mimi. Nilitaka kumwonyesha kwamba utingo msichana anajua kazi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa na baridi vilevile, lakini gari lilitoka vizuri. Lilipita tuta la kwanza bila kutetereka, nikaruka kwa furaha. Mutua naye siku hiyo alikuja na bodi jipya. Lile la zamani lilikuwa limepasuka, na bodi alilopata kulibadilisha lilikuwa la manjano.

Kwa nusu mzunguko hapakuwa na tatizo, maana magari yale mawili yalikuwa yakifuatana. Kisha la Mutua likatangulia. Lilifika kona ya mapipa na kukata kushoto. Na gari letu, lililokuwa bado katikati ya sehemu iliyonyooka, mbali na kona yoyote, nalo likakata kushoto. Liligonga ukuta wa tofali, likarudi nyuma, likajinyoosha. Mbele, la Mutua likakata kulia. Letu likakata kulia, likaingia kwenye nyasi. La Mutua lilipopunguza mwendo kwenye shimo, letu lilipunguza mwendo kwenye nyasi, mahali ambapo hapakuwa na shimo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Magurudumu yalikuwa chini, kwa hiyo sikuruhusiwa kuligusa. Nilinyanyua macho juu ya trela. Baba alikuwa amejiinamisha mbele, ameshika rimoti kwa ustadi, anaendesha kwa makini kabisa, na macho yake yalikuwa kwenye gari la Mutua.

Alikuwa analiendesha vizuri. Kama lile ndilo lingekuwa gari lake, asingekosa hata kona moja.

Nilielewa papo hapo. Baba haoni magari. Anaona manjano, na siku ile manjano yalikuwa mawili. Wakati huohuo nilielewa kwa nini tuliliacha lile jeusi kule Kongowea, na kwa nini aligeuza shingo huku na huku lilipokuwa likipita mbele yake. Nililia pale kiwanjani. Waliokuwa karibu wakadhani nalilia mashindano.

"Mafuta ya nazi hayo!" Baba alisema kwa sauti aliposhuka kwenye trela, akijipiga kipaji cha uso. "Yameganda tena. Usukani wote umekuwa mzito."

Walicheka tena na kumwamini. Mutua akampiga bega, akamwambia atamletea mafuta ya kweli. Hakukuwa na mtu mwingine pale aliyejua kwamba ndani ya zile shokabu hapakuwa na tone la nazi.

Tulirudi kwa miguu. Baba alinishika begani kama alivyozoea siku hizo, na mimi, ambaye nilikuwa nikiona fahari kushikwa bega na Baba barabarani, nilijua sasa mkono ule unafanya kazi gani.

"Baba."

"Naam."

"Mafuta ya nazi niliyatoa. Nilitia ya cherehani."

Alitembea hatua kadhaa. "Lini?"

"Jumatano."

Hakuuliza kwa nini. Tulipofika kwenye duka la mkaa akasimama. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi yasitoke hapa. Umesikia?"

"Abee, Baba. Lakini kesho unakwenda..."

"Njia ile mwanangu nimeipita kabla hujazaliwa. Kila shimo nalijua. Taa za mwenzangu mbele nazifuata, basi. Hawa wakijua, wananitoa kwenye gari siku hiyohiyo. Halafu mtakula nini?" Kisha akasema kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kama angefoka: "Wewe si ndiye utingo wangu?"

Nikasema ndimi. Jumatatu alfajiri nilimsikia akivaa viatu. Alipakia Kipevu na kuondoka na kontena la futi arobaini.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na kila asubuhi tulivuka kwa makundi mbele ya malori. Jumatatu ile nilisimama ukingoni kwa muda mrefu nikiwatazama watoto wa darasa la kwanza wanavyokimbia, sweta za kijani, mikoba ya kijani, na sikuona hata mmoja aliyevaa manjano. Nilifikiri kwamba mahali fulani mbele, Mtito au Emali, kuna shule nyingine na barabara nyingine. Sikula mchana. Jumanne sikula pia. Nilimpenda sana Baba, na nilimwogopa, na nilikuwa nimeahidi. Sitaki kujifanya nilikuwa mtoto wa kupima mambo. Nilichoka tu kuogopa.

Jumatano mchana nilimkuta Mama kwenye cherehani anashona pindo la buibui la mtu. Nilimwambia yote, kuanzia mafuta. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka nilipofika kwenye gari la Mutua, ndipo mguu wake ukasimama.

"Mimi nilisema kweli amekuwa na maringo," alisema taratibu. "Wallahi hata mimi nilisema."

Kisha akachukua simu. Hakumpigia Baba. Alimpigia Mutua, aliyekuwa amepakia siku moja na Baba na alikuwa Voi anarudi bila mzigo, na Baba naye alikuwa njiani kurudi, nyuma yake kidogo. Nilisikia sauti ya Mutua ikitoka kwenye simu, akibisha. "Sawa, mama Farida," alisema mwishowe. "Mimi namngoja hapa. Hiyo gari haisongi tena na yeye." Aliacha lori lake kwa utingo wake, mtu mzima mwenye leseni, akapanda la Baba.

Nilikuwa mlangoni waliporudi jioni. Lori lilisimama mahali pake pa siku zote, mlango wa upande wa dereva ukafunguka, akashuka Mutua. Baba alishuka upande wa utingo, akipapasa kidaraja kwa mguu. Alinipita. Safari hii najua alijua nimesimama pale, maana Mutua aliniita jina nilipomwamkia.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha, na la pili limebaki na tundu la katikati tu, kama mtu anayechungulia kwa bomba. Kilichopotea hakirudi, ila dawa ya matone ingekilinda kilichobaki. Daktari alimuuliza Mama ni nani aliyegundua, Mama akanielekeza kwa kidevu, na daktari akasema miezi michache zaidi angekuwa gizani kabisa. Alisema hayo mbele ya Baba. Baba hakugeuka.

Alikaa zaidi ya mwezi bila kunitaja jina. Alisema "mwambieni huyo mtoto alete maji," nami niko hapo mbele yake. Tulikula kwa cherehani ya Mama, na wakati mwingine hatukula vizuri, na kila sahani ilipokuwa nyepesi nilijiona ni mimi niliyeipakua. Mutua alikuja kila Jumapili akamhadithia mambo ya kiwanjani. Baba alisikiliza, hakwenda. Mimi sikuomba msamaha kwa sababu sikujua niombe kwa lipi, na nilimkasirikia pia, jambo ambalo nilikuwa nalificha kwa kufanya kazi nyingi za nyumbani.

Ikafika siku ya kwenda kuchukua dawa, na Mama alikuwa na nguo za arusi za kumaliza. Kaka alikuwa shule ya bweni. Mama akasema basi nimpeleke mimi. Baba alivaa kofia yake, akachukua fimbo ambayo hakuwa akiipenda, tukatoka. Hakunishika bega. Alitembea mbele yangu kidogo, akisikiliza, mpaka tukafika ukingoni mwa barabara kuu, na hapo akasimama, kwa kuwa hakuna namna mtu anaweza kuikisia barabara ile. Malori yalikuwa yanateremka kutoka bandarini moja baada ya jingine, ardhi inatetemeka. Tulisimama pale muda mrefu, kila mmoja na shingo yake ngumu. Nilihisi mkono wake unautafuta mkono wangu, na ulipoupata, uliushika kwa nguvu.

"Farida," alisema. "Tuvuke?"

Lilikuwa linakuja trela, na nyuma yake lori la mafuta.

"Bado," nikasema.

Alingoja. Lori la mafuta lilipita, upepo wake ukamvuta kanzu.

"Sasa."

Aliteremka barabarani palepale, bila kugeuza kichwa kuangalia.